Motere ya 404 katika Lupango Yetu



Wengi wenu munatuuliza njiani na wakati wa mapumziko: "Ile 404 yenu inatembea namna gani? Mulinunua motere mupya?" Hapana, hatukununua motere. Ni ile ile ya zamani. Tuliifungua yote, tukaisafisha, tukabadilisha vile vyenye vilikuwa vimekufa, tukaifunga tena chini ya mwembe wa nyumbani, wakati wa likizo kubwa ya 2023. Tulioifanya ni sisi watoto watatu wa nyumba moja, wavulana wawili na binti mumoja, wote wa masomo haya. Kwa kuwa hatuwezi kujibu kila mutu peke yake, tumeona ni heri kuandika hapa.

Tunaandika pia kwa sababu kazi ile ilitufundisha neno moja lenye kumufaa hata mutu asiye na motokari. Ni hili: masikini hana feza ya kubahatisha. Mwenye mali anaweza kubahatisha, akiharibu ananunua ingine. Sisi tulipaswa kupima.

Kwanza tueleze motokari yenyewe. Peugeot 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Kamioneti yake, ile yenye turubai nyuma, yenye watu wanaita bashe, ilitoka 1967. Wazee wa Kisangani wanaikumbuka vizuri: ilibeba makemba, samaki, walimu, wagonjwa, hata maiti. Afrika ya mashariki pia iliheshimiwa. Katika mashindano ya Safari, yenye yalikuwa yanapita kwa njia za vumbi na matope sawa na zetu, 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati mwendeshaji alikuwa Bert Shankland wa Tanzania. Kwa hiyo si motokari ya kucheka.

Babu yetu alinunua yake mwaka 1978, ikiwa imeisha kutumika kwa mutu mwingine. Ilifanya kazi kati ya muji na njia ya Buta miaka makumi mawili. Kisha vita ya 1998 ikafika. Muto ulifungwa kati ya Kisangani na Kinshasa, na karibu kila kitu cha motokari kilikuwa kinapanda kwa muto ule: esanse, mafuta, mipira, pistoni. Motokari za muji zikalala moja moja, na watu wakapanda toleka, zile kinga za kubeba watu tunazozijua sote. 404 ya babu ililala vilevile. Mwezi wa 6 wa 2000, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku 6 ndani ya muji wetu, ilikuwa chini ya mwembe tayari. Kipande cha bombe kilitoboa mulango wake mumoja, basi. Babu alikufa 2009. Motokari ikabaki pale, kuku wakataga mayai ndani yake.

Mwanzo wa 2023 mutu mwenye kununua chuma ya zamani alikuja, akaizunguka, akasema bei ya kilo. Baba hakukataa. Tangu 2019 masomo ya musingi ni bure katika shule za serikali, lakini sekondari si bure, na sisi tuko watatu. Mama anauza makala. Anayatoa njia ya Buta, ng'ambo ya daraja ya Tshopo, na wachukuzi wanakula karibu nusu ya faida yake. Basi jioni moja baba alihesabu katika karatasi, akasema: "Mwaka unaokuja wawili watasoma. Mumoja atangoja." Hakutaja jina, lakini sote tulijua ni nani, na yeye mwenyewe alijua. Alitoa sahani mezani, akaenda kuziosha.

Tukaja mbele ya baba tukiwa watatu, tukasema: "Papa, tunaomba likizo hii. Kama motere haitembei mbele ya masomo kufunguliwa, utauza chuma yako, hatutasema neno."

Akauliza: "Mutafanya na nini? Feza yangu haiko."

Hatukuwa na jibu. Ni mama aliyesema, bila kuinua macho: "Mwezi huu zamu yangu ya likelemba inafika." Ninyi munajua likelemba ni nini kwa mama wa soko. Ni biashara yake yote. Kama motere ingekataa, si binti tu angebaki nyumbani, mama pia angebaki bila mutaji.

Katika komine ya Mangobo kuna fundi muzee, watu wanamuita Papa Fundi. Alianza kazi ya garaji akiwa kijana. Kisha, tangu mwisho wa 1973, wakati serikali ilipotwaa maduka na kazi za wageni, piesi zikaanza kukosa, naye na wenzake walijifunza kuponya motokari bila duka. Alikubali kuja asubuhi, siku 3 kwa juma, kwa chakula na feza kidogo. Siku ya kwanza hakutazama hata motere. Aliketi kwenye kiti, akauliza: "Kaye iko wapi?"

Tukasema: "Papa, kaye ya nini?"

"Kitu haitoke kama haijaandikwa. Leo munajua bulo hii inatoka wapi. Kiisha mwezi moja hamutajua."

Binti ndiye mwenye maandiko mazuri, kwa hiyo kaye ikawa yake. Kila bulo iliyotoka aliandika: siku gani, ilitoka wapi, ndefu namna gani. Tukakusanya makopo ya maziwa na ya tomate, tukaandika namba juu yake. Pistoni na biele zilipata alama 1, 2, 3, 4, kwa kuwa kila kofia ya biele imezoea mahali pake, na ukizichanganya hazikai tena sawasawa.

Motere ilikuwa imeshikwa. Miaka zaidi ya makumi mawili ya mvua na joto, segma zilishikana na chuma ya silinda kwa kutu. Tulitoa buji zote ine, tukamimina petroli ya taa iliyochanganywa na mafuta ya motere, tukangoja. Kila jioni tulijaribu manivele kwa mikono. Vijana wa jirani walisema tuikanyage kwa miguu. Papa Fundi alikataa: "Hapana kulazimisha. Ukivunja, utaweka nini?" Siku ya sita manivele ilisogea upana wa kidole. Siku ya nane ilizunguka nzima. Siku ile tulikula vizuri.

Sasa tuseme juu ya hesabu, kwa wale wenye kuchukia hesabu. Silinda ya 404 iko na upana wa milimetre 84, na pistoni inapanda milimetre 73. Tafuteni ujazo wake namna mwalimu anavyofundisha: 4,2 mara 4,2 mara 3,1416 mara 7,3. Mutapata sentimetre kibu 404 na nusu hivi. Mara silinda 4, ni 1618, ndiyo motere ya 404. Tulishangaa sana kuona 404 ndani ya silinda! Lakini ni bahati tu. Peugeot ilianza kuweka ziro katikati ya namba za motokari zake tangu ile ya 201 mwaka 1929.

Kisha tukafungua kichwa cha motere, ambacho mafundi wanaita kulase. Ni ya alimini, na alimini inapindika upesi. Kwa hiyo bulo zinalegezwa kidogo kidogo, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, motere ikiwa baridi. Wakati wa kufunga ni kinyume: kutoka katikati kwenda pembeni, kwa zamu tatu, si kukaza moja yote halafu ingine.

Hapa tufahamishe kwa nini motere hii inawezekana kutengenezwa nyumbani. Katika motere nyingi, silinda imetobolewa ndani ya chuma kubwa yenyewe. Ikiliwa, inafaa kuipeleka kwenye mashine ya kuitoboa upya, na mashine ile haiko kila pahali. Lakini katika 404 kila pistoni inatembea ndani ya bomba yake peke yake, inaitwa shemize, na maji ya radiatere yanaizunguka inje. Ikiliwa, unaivuta, unaweka mupya pamoja na pistoni yake. Kazi ya mashine inakuwa kazi ya mikono.

Lakini shemize iko na sheria zake. Ya kwanza: ukiisha kutoa kulase, hapana kuzungusha motere bila kufunga shemize kwa bulo na rondele, kwa sababu pistoni itaziinua, na uchafu utaingia chini. Ya pili: chini yake kuna jwe yenye kuzuia maji yasishuke katika mafuta, hiyo ni lazima iwe mupya. Ya tatu: ni lazima kila shemize isimame juu kidogo kuliko chuma ya motere, kidogo sana, mia za milimetre tu, na zote ine zisimame sawa. Ikiwa chini, jwe ya kulase haitaikandamiza, na moto utapita. Ikiwa juu kuliko jirani zake, kulase itaiegemea hiyo moja tu. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Tulitumia rula ya chuma na vile visahani vyembamba vyenye unene wake umeandikwa, na binti aliandika kila namba.

Tulikuta segma za pistoni ya tatu zimevunjika, na shemize mbili zimeliwa na kutu hata ukucha unaingia. Hayo yote yalikuwa ya kubadilisha, tulijua tangu mwanzo. Hofu yetu ilikuwa vilebreke, ile chuma yenye kugeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa kuzunguka. Vilebreke ikiwa imekwaruzwa, inahitaji mashine ya kuisaga, na pale ndipo feza ya mama ingeishia. Papa Fundi alileta palmere yake, imefungwa katika kitambaa kama kitu cha kanisa. Akapima kila shingo mara mbili, mara moja kwa kusimama, mara moja kwa kulala. Alikuwa anasoma namba, binti anaandika, sisi tunashikilia. Hakuna mutu aliyesema neno. Mama alikuwa mulangoni na kikapu chake, hakwenda soko mpaka mwisho. Tofauti kubwa ilikuwa mia mbili za milimetre. Papa Fundi akavua miwani yake. "Inapona," alisema. "Mutabadilisha kusine tu." Mama akachukua kikapu, akaenda.

Tuliagiza shemize, pistoni, segma, kusine na jwe zote Kinshasa, kupitia mujomba wetu mwenye kukaa kule. Feza ilikwenda kwa simu. Likelemba haikutosha, tukauza kinga yetu. Piesi zilipanda kwa mashua, na ninyi munajua kutoka Kinshasa mpaka kwetu ni kilometre zaidi ya 1700. Walituambia posho 3. Lakini maji yalikuwa yamepunguka, mashua ikakwama katika muchanga. Zilikuwa posho 5. Kila jioni baba alikuwa anauliza tu: "Bado?" Nasi tunajibu: "Bado, Papa."

Tusidhani kwamba kungoja ni kukaa bure. Siku zile tulisafisha. Watu wanafikiri kutengeneza motere ni kukaza bulo. Kusema kweli, sehemu kubwa ni kuosha. Njia za maji ndani ya chuma zilikuwa zimejaa matope mekundu ya kutu. Tuliyatoa kwa waya na maji, siku baada ya siku. Juu ya alimini tulitumia vipande vya muti, si chuma, ili tusikwaruze. Supape zote 8 tulizisaga kwa mikono, na unga wa kusagia, tukizungusha kijiti kati ya viganja kama mutu anayewasha moto wa zamani. Kisha tulimimina petroli juu yake tukaiacha usiku. Asubuhi mbili zilikuwa zimevuja, tukasaga tena, tukamimina tena. Usiku wa tatu hakuna hata tone lililopita.

Piesi zilifika tarehe 19 ya mwezi wa 8. Masomo yalikuwa yanafunguliwa tarehe 4 ya mwezi wa 9. Hapo vijana wengi walitushauri: "Pisteni zimefika, wekeni upesi, mupya ni mupya!" Papa Fundi alisema: "Mupya si neno. Pima." Tukaweka kila segma peke yake ndani ya shemize yake, tukapima nafasi kati ya ncha zake mbili. Kanuni aliyotupa ni karibu mia 4 za milimetre kwa kila sentimetre ya upana. Kwa sentimetre 8,4 ni karibu 0,34. Nyingi zilikuwa sawa. Moja ilikuwa 0,10 tu. Kama ingefungwa vile, ikipata moto ingerefuka, ncha zingegongana, ingevunjika na kukwaruza shemize mupya yenye kununuliwa kwa feza ya likelemba. Tuliipiga tupa polepole, tukipima kila mara, mpaka ikafika. Kijana mumoja aliuliza kwa nini kuacha tundu ndani ya motere. Papa Fundi alijibu: "Nafasi si upungufu. Kitu chenye kupata moto kinaomba nafasi." Tumelifikiri sana neno hilo, hata juu ya watu.

Usiku tuliendelea kufanya kazi. Umeme haukuwako kila siku. Usiku mumoja tuliona mwangaza umekaa vizuri juu ya mikono yetu, tukageuka: ni baba, amesimama na taa ya simu yake. Hakusema kitu. Alishika mpaka saa 5 ya usiku, na tangu siku ile hakuuliza tena "Bado?"

Tarehe 31 motere ilikuwa imefungwa. Tuliizungusha kwanza kwa manivele bila buji, ili mafuta yapande pahali pote. Kisha tukafunga buji na kupanga waya: 1, 3, 4, 2. Esanse tulinunua kwa wale vijana wa chupa, wanaoitwa kadafi, tukaichuja kwa kitambaa. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Papa Fundi akafungua delko, akaonyesha kutu ndogo juu ya vidole viwili vya kugusana, akapitisha karatasi ya kusugua. Mara ya tatu ikakohoa. Mara ya ine ikawaka!

Moshi ulitoka wa buluu, mwingi, jirani wakafikiri nyumba inaungua. Moshi wa buluu ni mafuta yanaungua, na mafuta tuliyamimina sisi wenyewe katika silinda, kwa hiyo hatukuogopa. Baada ya dakika chache ukapunguka. Tulizima, tukatazama kijiti cha mafuta. Kama maji yameingia, mafuta yanakuwa meupe sawa na maziwa. Yalikuwa safi. Kesho yake, motere ikiwa baridi, tulikaza kulase tena kwa utaratibu ule ule. Mama alileta wali na sombe kwa watu wote, hata kwa wale waliotucheka.

Muzigo wa kwanza ulikuwa tarehe 2 ya mwezi wa 9, mifuko 14 ya makala kutoka njia ya Buta. Mwendeshaji alikuwa mujomba mwingine mwenye permi, kwa sababu sisi hatujapata. Binti aliingia darasani siku ya kwanza na sehemu ya kwanza ya minervali. Sehemu ya pili ililipwa mwezi wa 11. Mama amerudi katika likelemba.

Hatutaki kuwadanganya: motokari si mupya. Mulango bado uko na tundu. Inakunywa mafuta kidogo, na mbali sana hatuipeleki. Lakini inabeba, na nyumba yetu inasoma, wote watatu.

Kaye ya motere iko na kurasa 61, imeandikwa vizuri, na picha. Kama mutu yuko na motere yenye kulala nyumbani, au anataka tu kujua, akuje siku ya posho baada ya saa 9. Kaye haitoki katika lupango, hiyo ni sheria ya mwenye kuiandika. Kuja na kaye yako na kalamu yako.